Kocha Aliyemtoa Mfungaji

Wenzangu wa idara, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na ombi moja: niandike kazi ilivyokuwa, ili walimu wapya wapate cha kusoma badala ya kunijia na maswali yale yale. Saa imeshasimama. Ombi nalitimiza. Mambo ya kupandishwa vyeo sitayagusa, kwa sababu mnayajua, na ya mishahara mnayajua zaidi. Nitaeleza nilikoanzia, maana nimechoka kutambulishwa mikutanoni kwamba Profesa Ndiwa alianza maisha yake akiwa mwanasayansi. Sikuanza hivyo. Nilianza nikiwa kiungo wa kati mwenye njumu za kuazima, nikafanywa kocha nikiwa chooni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Kitale. Mwalimu aliyekuwa akiangalia timu ya kandanda alihamishwa muhula ulipofunguliwa tu. Mkuu wa chuo akatukusanya bwaloni, akasema hana mwalimu mwingine wa kutupa, na kwamba kwa maoni yake mpira haufundishwi, unapigwa. Tuchague mmoja wetu awe mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Nikasikia kila anayetajwa anakataa. Mimi nikatoka kidogo kwa haja yangu. Niliporudi nilikuta watu wanapiga makofi, nikapiga na mimi, huku nikimwuliza aliyekaa kando yangu, "Amechaguliwa nani?"

"Si ni wewe, bana," akasema Simiyu. "Pole sana."

Huyo Simiyu ndiye aliyekuwa mshambuliaji wetu. Kijana wa upande wa Sirisia, mfupi, mwenye mapaja kama ya fahali, na mcheko uliosikika mabweni yote. Alilala kitanda cha juu, mimi nililala cha chini. Sijawahi kuona mtu mwenye kipaji kikubwa hivyo cha kufunga na kipaji kidogo hivyo cha kufika mazoezini. Ukimwuliza alikuwa wapi, anakwambia alikuwa anafua. Alifua kila siku ya mazoezi, na shati lake halikuwahi kuonekana safi.

Sasa mnaoniuliza kama ukocha ni sawa na ualimu, nisikilizeni. Mwalimu akimaliza kipindi anaondoka. Mimi nilimweka mtu benchi jioni, na usiku nikamwomba sabuni. Nilimkemea beki kwa kuachia nafasi, naye akanijibu mbele ya wote, "Na wewe kocha, ile pasi yako ilikuwa inaenda wapi? Kiminini?" Wakacheka hadi mazoezi yakaisha. Pasi ilikuwa kweli inaenda Kiminini.

Vifaa vyetu ningeweza kuvieleza kwa ukurasa mzima lakini vitaniharibia siku. Uwanja ulikuwa mteremko, kwa hiyo kipindi cha kwanza tulicheza kandanda na cha pili tulipanda mlima. Ng'ombe wa Mkuu walilishwa pale, na walipewa heshima kuliko sisi. Mazoezi yalianza walipomaliza. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Milingoti ya goli ilikuwa mabomba ya chuma. Mpira ulikuwa wa ngozi, ulioshonwa na fundi viatu mjini mara nyingi hata ukawa na umbo lake wenyewe, na ukinyeshewa ulikuwa mzito kama gunzi la mahindi lililoloweshwa, ila hili lilikuwa gunzi la ukubwa wa kichwa. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwapo. Palikuwa na ndoo ya maji baridi na kipande cha godoro cha kuchovya humo. Ukiumia goti, godoro. Ukiumia mbavu, godoro. Ukigongwa kichwa, godoro, kisha mtu anakupiga makofi mgongoni na kusema, "Amka, mwanaume."

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa kandanda hata kidogo. Alikuwa Madam Nafula, mkufunzi wa netiboli, mwanamke mrefu aliyevaa sketi nzito na raba nyeupe, mwenye filimbi iliyoweza kusimamisha lori barabarani. Alikuwa akitutazama kutoka uwanja wake kwa muda wa wiki kadhaa. Siku moja akanijia.

"Ndiwa, wewe unafundisha au unacheza?"

"Vyote, Madam."

"Hakuna. Wewe unacheza tu, halafu unapiga kelele. Kesho usivae njumu. Uje usimame na mimi."

Kesho yake nikasimama kando ya uwanja nikiwa na viatu vya darasani, nikiona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Wenzangu walikuwa wanacheza. Mpira ukipita huku, macho yangu yalikwenda huku. Ukipita kule, yalikwenda kule. Madam Nafula akanishika kidevu, akakigeuza kama anavyogeuzwa mtoto asiyetaka kunyolewa.

"Usiangalie mpira. Mpira haujui kitu. Angalia mtu mmoja. Angalia Simiyu peke yake. Akiwa na mpira, akiwa hana. Halafu uniambie umeona nini."

Nilikasirika. Ni kazi gani kumtazama mtu asiye na mpira? Lakini nikamtazama. Nikaona kwamba kabla ya kukimbia, Simiyu huangalia chini kidogo, kama aliyeangusha kitu. Nikaona kwamba akichoka hushika kiuno kwa mkono wa kushoto tu. Nikaona kwamba husema na beki anayemkaba, humchekesha, kisha humwacha bado anacheka. Niliporudi bwenini nilikuwa nikimjua Simiyu kuliko nilivyomjua kwa mwaka mzima wa kulala chini yake. Tangu siku hiyo sikuweza tena kutazama mchezo kama watu wengine. Mke wangu ataniunga mkono. Amekaa nami mbele ya televisheni miaka mingi akiniuliza goli limeingiaje, nami sijui, nilikuwa namtazama beki wa kulia.

Mwaka uliofuata tulifika fainali ya vyuo vya magharibi, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, hata mimi mwenyewe. Ilichezwa Bungoma. Tulisafirishwa kwa lori la chuo lililokuwa limetoka kushusha kuni, tukafika na vumbi la barabara limechanganyika na vipande vya maganda ya miti kwenye nywele. Mkuu alitangulia kwa gari lake, amevaa suti. Katika mwaka mzima hakuwahi kuja mazoezini isipokuwa kuulizia ng'ombe. Siku hiyo alikaa kiti cha mbele na kuwaeleza wageni jinsi alivyoijenga timu.

Kipindi cha kwanza hatukufungana. Wachezaji wangu wawili waliumia miguu, nikawabadilisha, na kwa sheria za mashindano yale nikawa nimemaliza nafasi zote za kubadilisha. Kabla ya mapumziko ikapigwa kona. Simiyu aliruka, mlinda lango wao akaruka, wakakutana hewani, na Simiyu akaangukia mlingoti. Nilisikia mlio. Milingoti ya Bungoma nayo ilikuwa ya chuma.

Akalala. Ndoo ikaja mbio, godoro likaminywa, maji yakamtiririka shingoni. Akafungua macho, akakaa, akacheka ule mcheko wake. Uwanja mzima ukashangilia. Refa akamwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Mchezo ukaendelea.

Lakini mimi nilikuwa nimezoezwa kumtazama akiwa hana mpira. Nikamwona ameinama kufunga kamba za njumu ambazo zilikuwa zimefungwa. Akasimama, akainama akazifunga tena. Tuliporudi kutoka mapumzikoni akaenda kusimama upande wa wapinzani, hadi beki wao mmoja akamsukuma kwa upole arudi kwetu, wakacheka wote wawili. Nikamsogelea.

"Simiyu, kichwa vipi?"

"Kichwa yangu iko sawa." Kisha akanong'ona, kama mtu anayeona aibu kuuliza, "Kocha, tunacheza na nani?"

Nilidhani anatania. Alikuwa mtu wa utani. Nikamwambia jina la chuo. Akaitikia kwa kichwa. Na dakika chache baadaye, naapa, mpira ukamkuta mbele ya goli naye akaugeuza kwa kisigino, akaupeleka wavuni. Goli safi kuliko yote niliyowahi kumwona akifunga. Wenzetu wakamrukia. Watu wa Kitale waliokuja na lori la pili wakavamia mstari wa majivu. Nami nikafika kumkumbatia, akanishika jezi, akaniambia sikioni, kwa sauti ile ile, kwa aibu ile ile, "Kocha, tunacheza na nani?"

Nikakimbia hadi pembeni, alikokuwa Madam Nafula.

"Nimemwona," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Nikimtoa tunabaki kumi."

"Najua kuhesabu, Ndiwa."

Mkuu akawa ameinuka kwenye kiti chake. "Kuna nini? Kuna nini hapo?"

Nikamwambia namtoa Simiyu.

"Ati unamtoa? Mtu amefunga goli sasa hivi, unamtoa? Una wazimu?" Akamgeukia Madam Nafula. "Huyu kijana ana wazimu?"

"Yeye ndiye kocha," akasema Madam Nafula. "Ulisema wachague, wakamchagua. Ndiwa, sema neno lako, refa anangoja."

Nikasema. Kumtoa Simiyu ilikuwa kazi kuliko mechi yenyewe. Alikataa. Akaniambia nisimtoe, bana, anaenda kufunga goli ya pili. Akanisukuma kifuani. Washika vibendera wakamshika mikono, akatolewa akilia machozi kabisa, mbele ya watu waliokuwa wanaimba jina lake. Kisha wakaacha kuimba jina lake, wakaanza kuimba langu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa ajili ya idara. Madam Nafula akampandisha kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuja kutazama, wakaenda hospitali. Sisi kumi tulibaki. Wakasawazisha. Karibu na mwisho wakafunga la pili, kupitia nafasi ambayo nilipaswa kuiziba mimi lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha.

Nilikwenda hospitali na jezi yenye matope. Simiyu alikuwa ametapika njia nzima na sasa alikuwa amelala akitazama dari. Akaniona, akafurahi. "Tumeshinda?" Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini alitoka. Nikamweleza yote: mlingoti, kamba za njumu, swali lake. Akaniambia, "Ah, kumbe. Asante, kocha." Moyo wangu ukatulia. Kisha akanigeukia. "Tumeshinda? Mbona mimi nilitoka?" Nikamweleza tena. Akashukuru tena. Akauliza tena. Nilirudia mpaka muuguzi akaniambia nimwache mgonjwa apumzike na mimi nikaoge.

Nje kwenye veranda nilimkuta daktari kijana aliyekuwa akivuta hewa. Nikamwuliza inawezekanaje mtu asahau anacheza na nani lakini akumbuke kufunga kwa kisigino. Alikuwa amechoka. Akanijibu, "Sijui. Ukitaka kujua, nenda ukasome." Wala hakunitazama. Watu husema walivutwa na taaluma kwa mapenzi. Mimi nilivutwa na jibu la kuudhi.

Tuliporudi Kitale sikuwa na rafiki. Bwaloni walipiga vijiko juu ya meza nikiingia. Mkuu alisema kwenye mkusanyiko wa asubuhi kwamba kuna watu waliopewa ushindi mkononi wakautupa, na kila kichwa kikanigeukia, hata cha mpishi. Simiyu aliporudi, mzima, mwenye mcheko wake, hakukumbuka chochote cha siku ile. Wala kona, wala goli, wala mimi nikiwa kando ya kitanda chake. Lakini watu walimkumbusha. Wakamwambia alifunga goli ambalo halijawahi kuonekana magharibi yote, na kocha, ambaye hakuwa amefunga hata moja mwaka mzima, akamwonea wivu akamtoa. Nilijaribu kumweleza. Nilianza tu "Simiyu, siku ile," naye akachukua godoro lake, akahamia bweni jingine. Nilijaribu tena kwenye foleni ya uji, akaacha uji. Madam Nafula naye alimwita ofisini kwake. Akasikiliza kwa adabu, akatoka, akawaambia wenzake kwamba Madam na Ndiwa ni kitu kimoja. Tulimaliza chuo bila kusalimiana. Niliacha ukocha siku hiyo ya kumaliza na nikasema sitaurudia, na kati ya maazimio yote ya maisha yangu ndilo pekee lililonipa usingizi.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka michache kwenye miteremko ya Elgon, mahali ambapo asubuhi chaki hukataa kuandika kwa unyevu. Nilisoma kwa taa ya mafuta, nikafanya mitihani ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa nje, nikaingia chuo kikuu nikiwa mzee kuliko wenzangu na kuliko mhadhiri mmoja. Nilisoma mwili wa binadamu: damu, pumzi, misuli, na hasa kile kinachotokea ndani ya fuvu mtu anapogongwa. Nilitaka kumjibu yule daktari kwenye veranda. Nimesoma hadi uprofesa, na jibu langu bado lina "labda" nyingi kuliko ninavyopenda.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa kufundisha. Msiniambie kuhusu uhaba wa vifaa siku hizi. Maabara yetu ilikuwa na baiskeli moja isiyokwenda popote, ya kupimia mapigo ya moyo, na kila Jumatatu niliikuta imeanikwa matambara ya kupigia deki. Nilikuwa na wanafunzi walioandika kwenye mtihani kwamba mchezaji aliyezimia amwagiwe maji baridi. Niliwafundisha muhula mzima kwamba maji baridi hayafiki kwenye ubongo. Nikawauliza wametoa wapi jibu hilo. Wakasema, "Mwalimu, si ndiyo hufanywa?"

Likizo nilizunguka kufundisha walimu wa michezo, Bumula, Lwakhakha, popote waliponiita. Nilibandika michoro ukutani. Kila semina ilifunguliwa na ofisa fulani aliyeeleza umuhimu wa semina kwa muda mrefu kuliko semina yenyewe, kisha akaondoka na muda wangu. Na kila semina, kila moja, mwishoni mwalimu fulani aliinua mkono akauliza, "Na maji baridi je, Daktari?" Kuna siku nilikaa kitini nikacheka peke yangu hadi wakanyamaza wote.

Baadaye katika miaka hiyo, wasichana walikuwa wameanza kucheza kandanda kwenye shule za upande wa Bungoma, na nilialikwa kwenye mashindano yao. Nilipewa kiti karibu na wageni wa heshima. Timu moja ilitoka upande wa Sirisia, na mwalimu wao alikuwa na kitambi na kofia ya nyasi, anatembea kando ya mstari akipiga kelele kwa Kibukusu na Kiswahili pamoja. Alipocheka nikamtambua. Hakunisalimu. Aliniona, akageuza uso.

Timu yake ilikuwa na msichana aitwaye Nekesa, kiungo, mwembamba, mwenye akili ya mchezo kuliko watu wengi niliocheza nao. Alifunga goli lao mapema, kwa kichwa. Kipindi cha pili kilipoanza aliurukia mpira tena kwa kichwa, akagongana na beki, akaanguka vibaya. Nikaona ndoo inakimbia. Nikaona kitu kinaminywa. Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta ndani ya uwanja, mtu mzima mwenye tai.

"Mtoe," nikasema.

Simiyu akanitazama kutoka chini alikopiga magoti. "Wewe tena."

"Mtoe, Simiyu."

"Wewe, Ndiwa, una ugonjwa gani na watu wanaofunga? Mimi ulinitoa. Mimi nilikuwa na goli, nilikuwa na jina, ukanitoa mbele ya watu wote. Sasa umefuata hata mtoto wa watu? Hata huyu?"

Refa alikuwa anapiga filimbi nitoke. Nekesa akawa amesimama, anajipangusa, anasema, "Mwalimu, niko sawa, nataka kucheza." Wenzake wakamshangilia. Na mimi ningefanya nini? Sikuwa kocha. Nilikuwa mgeni mwenye michoro.

"Sawa," nikasema. "Basi mwulize kitu. Chochote unachotaka. Wewe mwenyewe."

Simiyu alifanya ili kunionyesha. Akamshika msichana begani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nekesa, goli yetu ilifungwa na nani?"

Nekesa akacheka. "Si hatujafunga, mwalimu."

Wasichana waliokuwa karibu wakacheka nao, wakidhani ni mzaha. Simiyu hakucheka. Nilimtazama yeye, sikumtazama mtoto, na niliona uso wake ukilegea taratibu.

"Ilifungwa na wewe," akamwambia kwa upole.

"Mimi? Lini?"

Akavua kofia. Akamfunika nayo msichana kichwani, akimkinga jua, akamwita mwalimu mwenzake wa kike akae na timu, kisha akaniambia bila kunitazama, "Gari yako iko wapi?"

Tulimpeleka hospitali, Nekesa akiwa kiti cha nyuma, Simiyu kando yake akimzuia asilale, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Msichana alitapika njiani. Daktari alimpokea mara moja, na baada ya muda akatoka kutuambia kwamba anaendelea vizuri, atalazwa na kuangaliwa, asicheze hadi aambiwe. Mama yake alifika na leso begani, akaingia moja kwa moja bila kutusalimu, nami sikumlaumu. Yule mwalimu wa kike akaja baadaye kutuarifu kwamba wasichana wameshinda. Simiyu akasema, "Vizuri," kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha huko mbali Lodwar.

Tukabaki wawili kwenye benchi la veranda. Alikuwa anazungusha vidole gumba.

"Mimi nilikuwa hivyo?" akauliza hatimaye.

"Ulikuwa hivyo."

"Nilikuwa naongea, natembea, na sikuwa najua?"

"Ulifunga goli na hukuwa unajua."

Akapangusa uso kwa kiganja. Halafu hasira ikampanda, ile ya kweli, akanigeukia benchi zima likatikisika. "Sasa mbona hukuniambia? Miaka yote hii nimekuchukia, Ndiwa. Watoto wangu wanajua jina lako kwa ubaya. Mbona hukuniambia?"

Ndugu zangu wa idara, kuna nyakati kazi hii inakuweka mahali ambapo huwezi kulia wala kucheka.

"Nilikuambia," nikasema. "Hospitalini, siku ile ile. Nikakueleza yote, ukanishukuru. Ukasahau. Nikakuambia tena, ukanishukuru tena, ukasahau tena. Mwisho muuguzi alinifukuza. Ulipopona nilitaka kukuambia, ukahama na godoro."

Akanitazama mdomo wazi. Kisha mcheko wake ukaanza, taratibu kwanza, chini ya kifua, halafu ukajaa veranda yote mpaka watu wakachungulia kutoka wodini, na alipomaliza kucheka macho yake yalikuwa yamelowa naye hakuyapangusa.

"Basi niambie," akasema. "Leo sitasahau."

Nikasogea karibu, nikaanza kumweleza tangu pale kona ilipopigwa.